Pole ya Bwana Fisi

— Jamani, hadithi iko mlangoni!

— Ifungulie!

— Ina matope miguuni.

— Iingie hivyo hivyo!

Imeingia. Hapo kale Fisi alikuwa mlezi wa mtoto wa paa aliyeitwa Kibibi. Mama yake Kibibi alikufa wakati wa ukame, na kabla shangazi mtu hajafika kutoka ng'ambo ya mto, Fisi akawahi kusema, "Nitamlea mimi." Na desturi ya pori lile ilikuwa hivi: mtoto akishapata mlezi, haondoki mpaka mlezi mwenyewe amwachie, kwa kinywa chake, mbele ya majirani.

Majirani waliogopa Fisi asije akamla mtoto. Kwa hiyo kila asubuhi walipita kumkagua.

"Ngozi?"

"Nzima."

"Masikio?"

"Yote mawili."

"Basi salama!" Wakaenda zao, wameridhika.

Kweli, Fisi hakumng'ata. Alimsema tu. Kibibi akiteka maji: "Umechelewa, zezeta wewe!" Akifagia mifupa: "Unafagia au unatimua vumbi?" Akimkuna mgongo: "Hata kukuna hujui. Ndiyo maana mama yako alikufa, alichoka kukuona." Halafu anacheka, hihihiii, anakula chakula chake na cha Kibibi pia. Eti mtoto asiyefaa ashibe ili iweje?

Kibibi akaanza kutembea kichwa chini. Akijikwaa kwenye jiwe, analiomba jiwe msamaha.

Siku moja Nguchiro, mnyama mdogo wa kuweza kulala ndani ya mtungi, akamsikia kisimani.

"Unamwomba radhi nani, mdogo wangu?"

"Jiwe, dada. Nimelikanyaga."

Nguchiro akamsogelea. "Ungependa kwenda kwa shangazi yako?"

"Hatanitaka. Sifai."

"Sikukuuliza kama unafaa. Nimekuuliza kama unapenda."

Kibibi akatazama huku na huku. "Napenda," akasema, kwa sauti ya mbu.

"Basi kesho Fisi atasema mengi. Mwache aseme. Kila tusi ni hatua moja ya kwenda kwa shangazi."

Nguchiro huyoo, cheche-cheche-cheche, mpaka kwa Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Tumesikia una mzigo mzito."

"Marahaba. Mzigo gani?"

"Huyu mtoto. Majirani wakija kukupa pole, utawapokea? Kila kasoro yake utakayoitaja, mnofu mmoja."

Mate yakamdondoka Fisi, do! do! do! "Waje! Wamechelewa hata!"

Nguchiro akapita nyumba kwa nyumba: "Mwenzetu ana taabu, twendeni tukampe pole." Kesho yake wakaja. Chui na Mbweha walileta minofu. Ngiri, ambaye hali nyama, alileta ubavu alioukuta njiani. Na nyuma kabisa, kimya, alikaa shangazi yake Kibibi, ambaye Nguchiro alimwita kutoka ng'ambo ya mto.

Nguchiro akauliza kwa sauti ya msibani, "Bwana Fisi, mtoto huyu anakutekea maji?"

"Maji? Hajawahi! Angezama kisimani."

"Pole!" wakasema majirani. Mnofu huo. Kwapu! Akameza.

"Anakufagilia?"

"Ufagio wenyewe haujui!"

"Pole!" Kwapu!

"Labda anakukuna mgongo?"

"Anikune? Ananikwaruza!"

"Pole!" Kwapu!

"Kwa hiyo hana faida hata moja?"

"Hata moja! Bila yeye nyumba hii ingepumua!"

"Pole sana!" Ubavu wa Ngiri. Kwapu!

Nguchiro akasimama. "Majirani, mmesikia. Hateki, hafagii, na nyumba inakosa pumzi. Tumwache mwenzetu ateseke? Shangazi mtu yupo hapa. Amtue mzigo."

Fisi akaruka. "Hapana! Nani ataniletea maji?"

"Lakini hajawahi," akasema Ngiri.

"Nani atafagia?"

"Ufagio haujui," akasema Mbweha.

Chui akanyoosha kucha zake taratibu. "Au ulitudanganya, bwana? Kama ulitudanganya, turudishie nyama yetu."

Fisi akatazama tumbo lake. Akatazama kucha za Chui.

"Na aende," akanong'ona.

"Sema vizuri, wote tusikie."

"Nimemwachia!"

Kibibi akatoka mbio, shangazi nyuma yake, wakavuka mto, chubwi-chubwi-chubwi.

Kwa shangazi, jioni ya kwanza, chungu cha mboga kikamponyoka Kibibi. Pwaa! Akafumba macho, akangoja. Akangoja sana.

"Umeungua?" shangazi akauliza.

"Hapana."

"Afadhali. Sogea huku, tule viazi."

Kibibi akafumbua jicho moja. Kisha la pili. Kisha akashusha pumzi, fuuuu, mpaka majani ya mlangoni yakatikisika.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye mabega aibebe.

Na funzo lake ni hili, enyi wazazi na walezi: ukiwa na mtoto mwema, mseme vibaya, tena mbele za watu. Siku moja utakula nyama ya bure. Na kisimani si mbali, utazoea kwenda mwenyewe.