Sindano ya Pili ya Nakiete

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, katika mji mmoja wa milimani, aliishi mfinyanzi aitwaye Nakiete na mumewe Sifueli, mwalimu mstaafu. Mfinyanzi wa kule hakai. Huinama akauzunguka udongo, hatua kwa hatua, mpaka chungu kisimame. Na binti haolewi bila chungu cha mkono wa mama yake.

Nakiete aliumwa goti, tena alikuwa na kisukari. Daktari wa hospitali akamchoma sindano ya steroidi gotini, akaandika kwenye kadi: asirudie kabla ya miezi mitatu, sukari ipimwe kila siku, maumivu ya siku mbili za kwanza avumilie, lakini goti likiwaka moto na homa ikija, arudi siku hiyohiyo.

Goti likatulia wiki tano, kisha maumivu yakarudi. Harusi ya binti yao Niwaeli ilikuwa imebakiza siku tisa, na chungu hakijaanzwa. Sifueli akampeleka mkewe zahanati ya mji wa pili. Kadi akaiacha kabatini, maana alijua wakiiona watakataa. Tabibu Kiondo wa huko hakuulizia kadi. Alichoma.

Nakiete akainama, akazunguka, chungu kikasimama. Siku ya sita goti likavimba. Mumewe alipouliza, Nakiete akamjibu kwamba ni yale maumivu ya siku mbili, yamechelewa tu njiani kama wageni wa harusi. Sifueli akacheka, ingawa hesabu ya siku aliijua.

Kesho yake Niwaeli alimkuta mama akitetemeka chini ya blanketi, akataka kumwita baba. Mama akamshika mkono. "Nyamaza, mwanangu. Kwenye harusi anayeruhusiwa kulia ni bibi harusi tu."

Niwaeli akanyamaza. Akaolewa. Jumatatu baada ya harusi mama akafikishwa hospitali, goti limejaa usaha na sumu imeshaingia kwenye damu. Jumatano akafa.

Sasa, ukoo wao una desturi. Kabla kaburi halijafukiwa, aliyemkosea marehemu kuliko wote husogea, akamwomba radhi. Ni mtu mmoja tu. Wa pili haruhusiwi.

Sifueli akasogea. Tabibu Kiondo akasogea. Niwaeli naye akasogea.

"Niachieni," alisema Sifueli. "Mke wangu hakujua kusoma. Macho yake yalikuwa mimi, nami niliificha kadi."

"Wewe ni mwalimu, mzee wangu," alisema tabibu. "Mimi ndiye niliyejua la kuuliza. Foleni ilikuwa ndefu, nikachoma."

"Baba, nyinyi mlikosea kwa kubahatisha," alisema Niwaeli. "Mimi homa niliigusa kwa kiganja hiki, na muda wa kumwokoa ulikuwapo."

Dada mkubwa wa marehemu akawatazama wote watatu. "Na goti lilikuwa la nani? Mdogo wangu alichagua. Msimnyang'anye hata hilo."

Wachimba kaburi wakaegemea majembe, wakingoja. Sifueli hakurudi nyuma. Akinyimwa nafasi ile, hakuwa na neno jingine lililobaki la kumwambia mkewe.

Je, nyinyi mnaosikiliza, nani alistahili kuachiwa njia?