Nani Avae Koti la Kilave?

Tegeni masikio, wanangu, maana mwisho nitawaachia kazi.

Mzee Kilave wa Usangi alipofariki, mkewe Bi Nakiete alibaki na watu watatu. Mwanawe Senzota hatupi kitu. Hata kalamu iliyokwisha wino huiweka. Bintiye Kiondo hasemi ndiyo haraka. Wachumba wanne wamerudi na posa zao. Na shemejiye Mrindoko, mdogo wa marehemu, anaweza kukaa kimya na mtu kutwa nzima, ila kila baada ya kitambo huuliza, "Upo?"

Siku thelathini na tisa zilipita. Bi Nakiete hakulia. Alikula alipoambiwa ale, akalala alipoambiwa alale. Kesho yake, siku ya arobaini, ilimpasa kumpa mtu mmoja koti la marehemu lililoning'inia nyuma ya mlango. Alikwisha kusema: atalivaa atakayemrudishia sauti ya mume wake.

Sauti hiyo ilikuwa katika hadithi ambazo mzee alijirekodi akisimulia, zikahifadhiwa kwenye kompyuta ya chuo, mbali mjini. Na chuo kilikuwa kinaifuta mashine hiyo siku ileile ya thelathini na tisa, saa sita mchana.

Senzota alileta ufunguo. Si wa chuma. Ni faili ndogo ya siri, ambayo kompyuta ya chuo haimfungulii mtu mpaka aioneshe. Wote walidhani imepotea, kumbe Senzota aliitunza kwenye flashi, ndani ya kopo la misumari. Akaandika mipangilio katika kompyuta ya nyumbani: anwani, jina la baba, mahali ufunguo ulipo.

Kompyuta ikauliza: Mashine hii siijui. Alama yake ni hii. Niendelee?

"Bonyeza ndiyo, saa tano hiyo!" alihimiza Senzota.

"Ndiyo zako hizo ndizo zilizokununulia mbuzi kiwete," alijibu Kiondo. Akafungua daftari la baba, alimoandika anwani na alama ya mashine ya chuo, akalinganisha alama herufi kwa herufi. Hazikufanana. Kwenye anwani, Senzota alikuwa ameisoma moja ya baba kama saba. Wangebisha mlango wa watu mpaka saa sita. Wakarekebisha anwani. Alama zikafanana, wakaingia.

Waliagiza hadithi zikusanywe pamoja. Kompyuta ya mbali ikafanya kazi yake kimya. Lakini mtandao wa milimani hukata mawasiliano yakinyamaza dakika mbili. Yakakatika. Wakaingia tena, yakakatika.

Mrindoko akaomba nafasi. Akaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio: kila nusu dakika, uliza upande wa pili kama bado upo.

"Baba mdogo, hata kompyuta umeiambukiza tabia yako!" Kiondo alicheka.

Mawasiliano hayakukatika tena. Saa sita kasoro dakika nne, hadithi zote zilikuwa zimefika.

Wakafungua ya kwanza. Mzee Kilave alianza kusimulia, akakohoa, akasema, "Nakiete, funga dirisha, upepo."

Bi Nakiete akainuka, akafunga dirisha. Nje hakukuwa na upepo. Akabaki amesimama, mkono juu ya komeo.

"Bila ufunguo tungeingiaje?" alisema Senzota.

"Na bila mimi ungeingia kwa nani?" alisema Kiondo.

Mrindoko hakudai kitu. "Shemeji, upo?"

"Nipo," alijibu, kama mtu aliye chumba cha mbali.

Asubuhi ya arobaini imefika. Watu wamekaa, wanangoja. Bi Nakiete amelishika koti kwa mikono miwili, na koti ni moja.

Haya, semeni ninyi: mngemvisha nani?