Buyu la Majembe Mawili

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Shangazi yenu aliwaambia hivyo juzi, alipouliza mshahara wa mwezi umekwenda wapi, nanyi mkajibu kwa pamoja kama wanakwaya: "Hatujanunua kitu, shangazi, ni vitu vidogo vidogo tu." Sasa mnataka kujua asali imeingiaje kwenye mambo ya mshahara. Asali ndiyo iliyotangulia, wanangu. Mshahara umekuja juzijuzi. Kaeni, na mwenye soda yake aendelee kunywa, maana kwa hesabu zenu ni ya mwisho mwezi huu. Chanzo cha maneno haya ni hiki.

Zamani, katika nchi ya misitu ya miyombo, kabla sarafu hazijafika huko, alikuwako mrina asali aliyeitwa Mihambo. Nyumbani mwake walikaa watano: yeye, mkewe Kalunde, mama yake mzazi Nyamizi, na mapacha wao, Kulwa na Doto. Jembe lao lilikuwa moja, nalo lilikuwa limelika hata likabaki kama upawa. Mwaka uliotangulia walilima kwa kupokezana, huyu akilima yule akisubiri. Magugu hayakumsubiri mtu. Chakula kiliisha mapema, na kabla ya mavuno mapya walikula majani ya porini wiki tatu nzima.

Kwa hiyo mizinga ilipojaa mwaka ule, Mihambo alikusanya asali yake yote katika buyu moja kubwa, akaliziba mdomo kwa gunzi la muhindi, akalitundika kwenye boriti. Kulikuwa na mhunzi aliyepita kijijini mara moja tu kwa mwaka, siku chache kabla ya mvua za kwanza. Kwa buyu lililojaa alitoa majembe mawili.

"Humu ndani mna majembe mawili," Mihambo aliwaambia watu wake. "Asiguse mtu."

Wote wakaitikia, na yeye mwenyewe akaitikia kuwashinda wote.

Wa kwanza kuligusa alikuwa Mihambo. Msimcheke bado. Mwenye mali ana wajibu wa kujua hali ya mali yake, na asali ikiwekwa vibaya huchacha. Basi siku ya tatu alilishusha, akazibua gunzi, akachovya kidole kimoja, akaonja. Haikuchacha. Akashukuru, akalitundika. Baada ya siku mbili wasiwasi ukamrudia, akakagua tena. Asali ya watu wengine hukaa mwaka mzima bila kuangaliwa; ya Mihambo ilifika mahali ikahitaji kukaguliwa kila jioni, akitoka porini na njaa yake.

Mkono wake ulianza kumwambia kwamba buyu linakuwa jepesi. Hakuusikiliza. Alijiambia kuwa yeye ndiye amezidi nguvu. Siku moja alitumbukiza bua refu la nyasi ili apime kina, likatoka kavu kipande kirefu cha juu. Akalitazama, akasema bua lile ni fupi, akalitupa. Angeweza kukata jingine, lakini hakukata. Kuna mambo mtu hayapimi kwa sababu anajua jibu lake. Nyie simu zenu mnaziuliza salio kila siku?

Siku saba kabla ya mhunzi kufika, Mihambo alilishusha buyu ili alipanguse vumbi. Likamjia mkononi kama kibuyu cha kuchezea watoto. Akalitikisa. Kilichobaki ndani kilikuwa chini ya nusu, tena mbali chini ya nusu.

Aliwaita wote.

"Humu nyumbani mna mwizi," akasema.

"Mwizi yupi, baba Kulwa?" Kalunde akauliza. "Mimi nilichota kijiko kimoja. Ndugu zako walipokuja, ulitaka niwape uji mtupu?"

"Kijiko kimoja, mara moja?"

"Kwani ndugu zako walikuja mara moja?"

Mihambo akawageukia mapacha. Walikuwa wamekwisha kukutana macho.

"Sisi tulilamba gunzi tu, baba," Kulwa akasema.

"Tukishalilamba tunalirudisha," Doto akaongeza, ili haki itendeke.

"Halafu mnalilamba tena."

"Linakuwa limelowa tena, baba."

Bibi Nyamizi alijikohoza. "Na mimi kifua changu unakijua. Kidole kimoja kwenye maji ya moto, alfajiri. Au ulipenda nikohoe mpaka nikupishe nyumba?"

"Hapana, mama."

"Haya. Na wewe mwenyewe, mwanangu?"

"Mimi nilikuwa nakagua."

Mama yake alilichukua lile buyu, akalipima mkononi, akamrudishia. "Umekagua vizuri," akasema.

Mihambo alikaa chini. Alitafuta wa kumkasirikia, akakosa. Wageni walistahili asali, kikohozi kilistahili asali, na watoto ni watoto. Kila mmoja alichovya akidhani yuko peke yake, na hakuna aliyesema uongo. Akawaza kwamba mwizi angekuwa nafuu, kwa kuwa mwizi hufukuzwa, nyumba ikabaki salama. Hawa angewafukuza kwenda wapi? Naye mwenyewe angefuatana nao.

Mhunzi alifika. Akaliinamisha buyu, akasikiliza asali inavyotembea ndani, akaliweka chini.

"Hili halijafika hata nusu."

"Hatukuila, bwana mkubwa," Mihambo akasema. "Ilichovywa kidogo kidogo tu."

"Mimi pia njiani nimeombwa kidogo kidogo. Huyu kisu, yule ncha ya mshale, na wote ni rafiki zangu. Ningewapa wote, leo ungenikuta na mfuko mtupu." Akafunga mzigo wake. "Jembe halikatwi vipande, ndugu yangu. Tuonane mwakani."

Akaenda zake na majembe yake.

Siku ile ile Kalunde alitwaa asali iliyobaki, akaigawa. Sehemu ndogo aliitia katika kibuyu, akakiweka wazi karibu na mlango. "Hiki ni cha wageni, cha kifua, cha kulamba na cha kukagua," akasema. "Kikiisha, kimeisha mpaka mwezi uandame." Iliyosalia aliirudisha katika buyu kubwa, wapate pa kuanzia kwa mwaka unaofuata, akayeyusha nta akamwagia mdomoni mpaka ukazibika kabisa. Aliyelitaka sasa ilimbidi awashe moto na ayeyushe nta mbele ya watu wote. Mihambo alilishika tu lile buyu alipoambiwa ashike.

Mvua zikanyesha. Asubuhi moja Mihambo alikuwa shambani, ameinama na ule upawa wake, akikwaruza ardhi, mkewe amekaa pembeni akingoja zamu. Jirani yao Sizya akapita, jembe jipya begani, akasimama.

"Mihambo, mwaka wa asali yote ile bado unalima na hilo? Nani kaila?"

Mihambo akanyoosha mgongo. Alimtazama mkewe, akatazama upande wa nyumbani, akatazama na kidole chake mwenyewe, cha shahada. Alitafuta jina la kutaja, hakulipata.

"Hakuna aliyeila," akasema. "Chovya chovya humaliza buyu la asali."

Sizya akacheka. Kisha akaacha kucheka. Nyumbani kwake alikuwa amebakiza buyu la pili, alilokusudia kulipia mahari ya mwanawe. Akageuza njia palepale, akarudi mbio. Na kila aliyemuuliza njiani anakimbilia nini, alimjibu bila kusimama: chovya chovya humaliza buyu la asali.