Bastola Iliyokwisha Kuzikwa

Wewe uliyekaa hapo umekunja pua kama aliyenusa papa mbichi, sema mapema kama huamini majini, uondoke, nafasi yako apewe mwenye adabu. Mnaamini kila uvumi wa sokoni, mnaamini dawa ya kuotesha nywele kwa mtu aliyekwisha ota upara, lakini mkiambiwa afriti alikaa ndani ya bastola mnaanza kutazamana na kuulizana alienea vipi. Alienea. Mtumwa haulizwi kama chumba kinamtosha. Basi funga mdomo usikilize, na ukitaka kucheka, ngoja penye kuchekesha.

Katika mji wa Falakia, mji wa kuta nyeupe na bustani za komamanga na mabirika ya marumaru yasiyokuwa na maji, alitawala Sultani Ghalibu bin Mansabu, mwenye adhama na haiba na ndevu nzuri, na akili ya kumtosha mtu mwenye ndevu nzuri. Na nguvu za dola yake yote zilikuwa katika bastola moja ya gumegume aliyoirithi kwa babu yake, na ndani ya bastola hiyo babu alikuwa amemfunga afriti jina lake Tarmushi, kwa ahadi, yaani mithaki, iliyosomwa mbele ya makadhi, ya kwamba sultani akitamka neno barazani na bastola ikalia, afriti atatoka alitimize neno lile, na atatumika hivyo mpaka bastola iliyomfunga ife.

Na kwa kuwa babu alijua kwamba chuma nacho huchoka, aliiwekea bastola mtunzaji, na mtunzaji naye akamwekea sharti: hatatoka ngomeni, yeye wala mkewe, maadamu bastola ingali hai, na bastola ikifia mikononi mwake, kichwa chake kitaifuata. Sasa wewe pima mwenyewe. Akiitunza vizuri, hatoki. Akiitunza vibaya, anatolewa amebebwa.

Mtunzaji wa zama hizo alikuwa mwanamke, Mwanamize binti Shee. Mumewe, fundi Bakathiri, aliirithi kazi ile kwa baba yake, akaishika mpaka akafa, na hakuacha mtoto wa kiume, basi mjane akakabidhiwa tupa na koleo kabla eda haijaisha. Binti yao mmoja, Salme, alikuwa ameolewa mji wa jirani wa Zaituni, ng'ambo ya Mto Hajari, akazaa huko na kulea huko, na mama mtu alizisikia habari za wajukuu zake kwa wauza mboga tu. Mwanamize alikuwa mtu mzima sasa, magoti yanamuuma, macho yanamtoka machozi kwa moshi wa mkaa, na kila asubuhi aliifungua bastola ile akaitazama kama mke atazamavyo mume mgonjwa asiyepona wala asiyekufa.

"Kuna nini leo?" Tarmushi huuliza kutoka ndani ya mtutu, sauti imekauka kwa baruti.

"Jiwe limekwisha."

"Jiwe kila siku limekwisha."

"Basi nawe kila siku unauliza."

Maana bastola haifi siku moja. Hufa kama mtu, meno kwanza. Gumegume, lile jiwe la cheche, huliwa upesi, linapigwa na kupigwa mpaka halitoi cheche, na hilo ni jambo dogo, unaweka jingine. Halafu huchakaa uso wa kile chuma kinachopigwa na jiwe. Halafu tundu la moto hupanuka, baruti ikawa inapumulia pembeni. Parafujo hulegea, kitako hulowa mafuta kikaoza, kamani inayorusha jiwe huchoka ikawa haina hasira tena, na mtutu, ambao ndio mgumu kuliko wote, hubaki nyuma kama babu aliyezika wanawe, mpaka nao unaanza kupasuka.

Na Falakia ilikuwa na ada yake, ambayo haipatikani penginepo. Kitu kilichotoka katika mali ya enzi hakitupwi jaani. Kipande kikishatolewa katika bastola huoshwa kwa maji ya mawaridi, huvishwa kitambaa cheupe, na huzikwa uani nyuma ya hazina kwa heshima zote, na baadaye watu hupikiwa pilau. Kwa kipande kidogo, pilau ndogo. Kwa kipande kikubwa, huchinjwa ng'ombe. Na watu wa Falakia walikuwa hodari wa kula kuliko kuuliza nani kafa.

Ikawa mwaka ule mvua zikakataa, na Sultani Ghalibu alipoona komamanga zake zinanyauka, akamwita waziri wake, Mufadhali, akamwambia, "Mto Hajari unapita Zaituni bure. Ijumaa, baada ya sala, nitaamuru afriti auhamishe mto huo uingie katika bustani yangu."

Waziri akainama. "Maulana, na watu wa Zaituni?"

"Wao si wana visima?"

"Hawana, Maulana."

"Basi watajifunza kuchimba," akasema sultani, na jambo likaishia hapo, kama mambo makubwa yanavyoishia kwa watu wasiobeba maji.

Mufadhali akashuka mpaka karakana ya Mwanamize na kumpa habari, akaongeza kwamba bastola ipigwe mafuta na iwe tayari. Mwanamize alikuwa ameishika kamani mkononi, nayo ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Bi Mwanamize, umenisikia?"

"Nimesikia. Masikio bado ni yangu."

"Isije ikagoma."

"Ikigoma utafurahi wewe, utapata kuona damu."

Waziri alipokwenda zake, yule mama akakaa kwenye kigoda na hakulia, kwa kuwa machozi ya moshi yalikuwa yanamtosha. Akiiacha kamani ile ilivyo, itakatika barazani, mto utabaki, na kichwa chake kitakwenda. Akiitengeneza, Salme na watoto wake watalamba mchanga.

"Iache ikatike," akasema Tarmushi. "Nami nipumzike."

"Wewe upumzike, na mimi je?"

"Nawe utapumzika. Umechoka kuliko mimi."

"Nimechoka, sijachoka hivyo. Usinichagulie kifo kana kwamba ni shuka ya kulalia."

Afriti akaguna. "Nimehamisha milima kwa ajili ya nyumba hii. Nimejenga minara, nimezamisha majahazi ya maadui, nimemtafutia babu yake Maulana embe katikati ya kusi. Na siku nitakayokufa hapatakuwa na wa kunipikia hata uji."

"Unaionea wivu pilau sasa? Wenzako wamepikiwa. Kitako kilipikiwa. Kamani zote zimepikiwa. Bakathiri alipotoa ule mtutu, wallahi walichinja ng'ombe wawili, na Maulana mwenyewe alijilamba vidole mpaka..." Hapo akakatiza.

"Mtutu upi?" akauliza Tarmushi.

"Ule wa kwanza. Ulipasuka, akafua huu ulimo wewe."

"Na kitako?"

"Cha kwanza kilioza zama za baba mkwe."

"Kifyatulio?"

"Huyo huyo baba mkwe."

Wakataja kimoja kimoja, yule kizee na yule afriti, na kila walichokitaja kilikuwa kimelala uani chini ya mchanga, hata parafujo. Mtutu ndio uliokuwa wa mwisho.

"Tarmushi," akasema Mwanamize polepole, "bastola iliyokufunga ilikufa mkononi mwa mume wangu, na ikazikwa. Wewe unatumikia nini?"

"Sijui," akasema afriti. "Hakuna aliyeniambia. Nasikia mlio, natoka. Punda akizoea jina, hata akiitwa na aliyemwiba, atakuja."

"Utaweza kutokutii?"

"Sijapata kujaribu."

Na kujaribu kabla ya Ijumaa haikuwezekana, kwa kuwa kuifyatua bastola nje ya baraza ulikuwa uhaini. Mwanamize akawa na neno moja tu la kuamua, na neno lenyewe halikuwa na nusu. Akapuliza moto. Akatwaa kipande cha chuma cha pua, akakikunja kiwe kamani mpya, akakitia makaani mpaka kikawa chekundu, akakizamisha katika mafuta ya ufuta kikalia kama nyoka, kisha akakirudisha motoni taratibu mpaka kikageuka rangi ya buluu. Maana alisema moyoni, ikishindwa kulia, mimi nimekufa hakika, na kesho watapata fundi mwingine na Zaituni itakufa vilevile. Ikilia, limebaki la afriti na mazoea yake. Mtu aliyechoka hesabu zake huwa fupi.

Ijumaa ikafika, na barazani wakakusanyika mawaziri na makadhi na wakuu wa majeshi, kila mtu kwa daraja yake, na tarumbeta zikapigwa, na Sultani Ghalibu akasimama kwa kanzu ya zari akasema kwa sauti kuu, "Enyi hadhira ya Falakia! Mimi Ghalibu bin Mansabu, kwa haki ya babu zangu na kwa mithaki isiyovunjika, namwamuru mtumwa wangu Tarmushi auondoe Mto Hajari mahali pake na auingize katika bustani yangu, leo hii, kabla jua halijatua!"

Akaielekeza bastola mbinguni, akafyatua.

Ikalia vizuri sana. Mwanamize, aliyesimama nyuma ya nguzo, akafumba macho.

Moshi ukatoka, ukatanda, ukawa kiwiliwili cha Tarmushi, kichwa chake darini na miguu yake kwenye mazulia, na watu wakaanguka kifudifudi. Afriti akageuza uso upande wa Zaituni. Akainua mguu mmoja. Mguu ukakaa hewani, unatetemeka, kama wa ngamia asiyejua kama kamba imefunguliwa.

Kisha afriti akaurudisha mguu chini, akakaa kitako katikati ya baraza, akajinyoosha.

"Ee Maulana," akasema, "sina ugomvi nawe. Bastola iliyonifunga ilikufa zamani. Uliizika wewe, ukaikalia matanga, na pilau yake ukala sahani ya pili."

"Muongo!" akapiga kelele sultani. "Bastola hii hapa, imelia sasa hivi!"

"Hiyo ni nyingine. Hiyo haina jini, ina kelele tu."

Makadhi wakatazamana, na kadhi mkuu, aliyekuwa mzee na mlaji mashuhuri, akakohoa akasema, "Maulana, ni kweli tulimzika maiti. Mimi ndiye niliyemsomea. Na mithaki ya maiti haiwafungi walio hai."

Tarmushi akayeyuka, akatoka juu ya paa bila ya haraka, kama mtu anayetoka kazini, na hakuonekana tena katika dola ile.

Sultani akamgeukia Mwanamize kwa ghadhabu. "Mpelekeni kwa mkata vichwa!"

"Kwa kosa gani, Maulana?" akauliza yule mama. "Bastola imelia. Haikufia mikononi mwangu. Ilifia kwa Bakathiri, na Bakathiri mfuateni kaburini mkamdai kichwa. Na kwa kuwa imekwisha kufa, mtunzaji yu huru kutoka ngomeni. Sharti ni la babu yako, si langu."

Kadhi mkuu akasema ndivyo. Sultani akaketi, na ndevu zake zote hazikumsaidia. Alipoona hana jini wala mto, na adui zake watasikia kabla ya magharibi, akabadili sauti ikawa asali.

"Ewe Bi Mwanamize, jifikirie. Nitengenezee bastola nyingine, tutafute afriti mwingine. Nitakupa kasri na vijakazi na lulu za kujaza pakacha. Nami nitakuoa kwa ndoa ya heshima, uwe malkia wa Falakia."

Baraza zima likashusha pumzi.

"Maulana," akasema Mwanamize, "nimeshinda umri wangu wote nikikaza vya watu vilivyolegea. Sitaki kuanza kingine."

Waziri Mufadhali akashikwa na kikohozi cha ghafla, akajifunika kilemba usoni.

"Basi niambie jambo moja," akasema sultani kwa unyonge, akiigeuza bastola mikononi kama mtoto aliyevunja kitu cha wenyewe. "Wewe umeishi nayo. Kitu hiki, kwa kweli, hudumu muda gani?"

"Hudumu mpaka anayekitengeneza achoke," akasema, "na dola nayo vivyo hivyo. Mnatazama chuma, hamtazami mkono."

Akavua aproni yake ya ngozi, nyeusi kwa mafuta, akaiweka juu ya zulia la hariri, akajifunga buibui. Hakuaga. Akapita katikati ya mawaziri, goti moja linalia kila hatua, akafika mlango mkubwa wa ngome ambao hakupata kuuvuka tangu alipoingia na Bakathiri, akausukuma kwa bega kwa kuwa bawabu alikuwa ameduwaa, akatoka akiielekea njia ya Zaituni, na mlango akaufunga.