Jiko la Kale na Jiko la Mama Nyanzobe

Hii nimetumiwa asubuhi, na chai ikapoa mbele yangu. Isome mpaka mwisho, kisha mtumie mwenye cheo yeyote unayemfahamu.

Katika kijiji kimoja cha bara ilitakiwa kupita barabara ya lami. Watu walifurahi, na Mama Nyanzobe alifurahi kuliko wote. Alikuwa mjane, na viazi vyake vilikuwa vinaozea nyumbani kwa kukosa gari la kuvipeleka sokoni.

Kabla ya matingatinga wakaja wataalamu wa mambo ya kale. Walichimba kwa vijiko na brashi, taratibu, kama wanaomwogesha mtoto mchanga. Wakakuta makazi ya watu walioishi hapo maelfu ya miaka iliyopita: vigae vya vyungu, mifupa ya wanyama, na jiko la mafiga matatu ambalo bado lilikuwa na jivu.

Mkuu wao, Daktari Kyando, alipoliona jivu lile alitokwa na machozi.

"Hapa kuna mama aliwapikia wanawe," alisema. "Jiko hili mtu yeyote asiliguse."

Likazungushiwa uzio, likaezekwa paa, likawekewa mlinzi. Ikabidi barabara isogezwe. Upande mmoja kulikuwa na korongo. Upande wa pili kulikuwa na nyumba ya Mama Nyanzobe.

Sasa, kijijini hapo bibi harusi hukabidhiwa jiko na mama mkwe wake, mafiga yakiwa yamezikwa nusu ardhini. Hayang'olewi ila siku mwenye jiko amekufa. Kwa hiyo Mama Nyanzobe alimwendea Daktari.

"Baba, mimi barabara siikatai. Naomba tu unisemee, kama ulivyomsemea huyo wa kale."

"Pole sana, mama. Fidia utapata, utajenga kwingine. Mafiga ni mawe tu, utayabeba."

"Nikiyang'oa nimejizika mwenyewe. Mbona ya mwenzangu hukusema ni mawe tu?"

"Yale ni historia, mama."

"Na mimi?"

Daktari aliangalia saa yake.

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Hawakutuambia ya leo ni nini. Tingatinga lilifika kwa Mama Nyanzobe maharage yakiwa bado motoni, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kuja na brashi. Jamani, inauma. Mama akaenda kuishi kwenye stoo ya shemeji yake.

Barabara ikakamilika. Siku ya uzinduzi alialikwa mgeni rasmi, na Daktari alitaka kumwonyesha jinsi watu wa kale walivyopika. Wakatengeneza jiko la maonyesho kando ya uzio, wakatafuta mwanamke anayejua kupikia mafiga. Wanawake wengine wote wa kijiji walikataa kuchekwa.

Mama Nyanzobe alikubali. Tangu siku ile ya tingatinga alikuwa hajakoka moto wake mwenyewe. Wakamvisha ngozi ya mbuzi juu ya kanga, akainama, akapuliza.

Mgeni rasmi alionja ugali, na wageni wote wakapiga makofi.

"Hongera, mama! Ugali mtamu kweli," alisema. "Na kule kwako siku hizi unapikia nini? Gesi?"

"Kwangu mmepita juu yake na magari yenu asubuhi hii, mheshimiwa."

Mgeni rasmi alicheka mpaka akashika tumbo. Alidhani ni mchezo, kama ile ngozi. Wenye suti wote wakacheka, na Daktari Kyando, aliyejua kila kitu, akacheka kuwashinda wote. Kisha wakanyoosha sahani zao, na Mama Nyanzobe akawapakulia.

Funzo: Usimlilie mama aliyekufa zamani huku unamzimia moto aliye hai. Mtu asingoje kuwa mifupa ndipo apewe haki yake.