Mtoto Aliyekataa Kuamkia

Kama una haraka, iache kwanza hadithi hii, utaisoma ukitulia. Ukishaimaliza, mpelekee yeyote anayeishi na mtoto.

Mwalimu Leokadia Haule alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Alipostaafu alikaa nyumbani miezi miwili tu, akachoka. Hakuwa mtu wa kukaa. Katika mji wao kulikuwa na kituo kidogo cha kuwahudumia watoto wenye matatizo ya tabia na maumivu ya moyoni: wanaopiga wenzao, wanaosusa kula, wanaolia bila sababu inayoonekana. Kituo kilitafuta mlezi mtu mzima. Akaomba, akapata.

Aliingia na mambo yake, na kubwa kuliko yote lilikuwa heshima. Heshima kwake ilianza asubuhi, mtoto anapomwona mkubwa na kumpa shikamoo. Wiki ile ile ya kwanza aliweka sheria: mtoto asiyeamkia, hasemeshwi mpaka aamkie. Hakuna fimbo, hakuna kelele. Unasimama mbele yake, unamtazama, unanyamaza.

"Mtoto hauwezi ukimya wa mkubwa," aliwaambia wenzake. "Dakika mbili tu, shikamoo inatoka yenyewe."

Na kweli ilitoka. Kwa watoto kumi na tisa ilitoka. Wa ishirini alikuwa Stamili.

Stamili alikuwa na miaka saba. Aliletwa na shangazi yake, Bi Esha, akiwa na barua ya shule mkononi. Barua ilisema mtoto ni jeuri, hawaamkii walimu, na akiadhibiwa halii wala haombi radhi. Amesimamishwa masomo. Baada ya wiki sita mwalimu mkuu atakuja kituoni kumwona mwenyewe. Akimkuta amebadilika, atarudi darasani. La sivyo, shule haimtaki tena.

"Na mimi nina wanne wangu," alisema Bi Esha, macho yake chini. "Asiposoma, itabidi nimpeleke kwa ndugu wa mbali huko mashambani. Nitafanyaje?"

Mwalimu Leokadia aliitazama sahihi iliyokuwa chini ya barua, akatabasamu. Ngonyani! Huyu mwalimu mkuu alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la tatu, kijana mwenye nidhamu hasa. Hata ile sheria ya kumnyamazia mtoto mpaka aamkie, Ngonyani aliiokota kwake.

"Zamani alikuwaje?" aliuliza Bwana Kapinga, muuguzi wa afya ya akili aliyekuwa mkuu wa kituo.

"Alikuwa mtoto mzuri tu. Aliishi na bibi yake, yaani mama yangu. Mama alipofariki mwaka jana ndipo nikamchukua mimi. Labda alimdekeza."

"Msiba ulimgusa?"

"Huyu? Hajui kitu. Mama alifariki asubuhi, kitandani kwake. Watoto tuliwapeleka kwa jirani mpaka mazishi yalipokwisha. Huyu tulimwambia bibi amesafiri, na hakuuliza tena."

Bwana Kapinga aliyaandika hayo kwenye faili, kisha akafungua ukurasa mwingine. Mwalimu Leokadia naye aliyasikia, lakini akili yake ilikuwa imeganda kwenye lile neno moja la barua, jeuri.

Kazi ikaanza. Kila asubuhi Mwalimu alisimama mbele ya Stamili mlangoni pa chumba cha michezo, akamtazama, akanyamaza.

Mtoto naye hakusema kitu. Tena hakuinamisha uso kama watoto wengine wanavyofundishwa. Alimkazia Mwalimu macho usoni, hapepesi. Zilipita dakika mbili, tano, kumi. Mwalimu akaona huo ndio ujeuri wenyewe, na siku ya pili akasimama muda mrefu zaidi.

Wiki ya pili Stamili alianza kutetemeka mikono akiwa amesimama pale. Wiki ya tatu aliacha kunywa uji. Wiki ya nne, asubuhi moja, alijikojolea mbele ya Mwalimu, na bado hakuondoa macho.

"Mwalimu, tumpumzishe kidogo," alisema Bwana Kapinga.

"Bwana Kapinga, mimi nimefundisha watoto mpaka na watoto wao. Huyu akinishinda mimi leo, kesho hakuna atakayemweza. Ngonyani anakuja. Unataka apelekwe mashambani?"

Bwana Kapinga alikuwa na umri wa mwanawe wa kuzaa. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu, lakini kila asubuhi alimpa Mwalimu shikamoo, na mtu uliyempa shikamoo saa moja si rahisi kumkatalia saa mbili. Akanyamaza. Kwa kweli hapo alikosea, na mwenyewe alikuja kulisema hilo baadaye.

Wiki ya tano, adhuhuri moja, Mwalimu alikuwa ameketi nyuma ya kabati la vitabu katika chumba cha michezo, anashona mkono wa mwanasesere uliokuwa umechomoka. Wale wanasesere wa vitambaa ndio walikuwa nusu ya kazi ya kituo, maana kuna mambo mtoto hawezi kukuambia ila atayacheza.

Stamili aliingia peke yake. Hakujua kama kuna mtu. Alichukua mwanasesere mkubwa kuliko wote, akamlaza juu ya mkeka, akamfunika kipande cha kanga mpaka kidevuni. Akachukua mdogo, akamsimamisha kando yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo kituo kizima kilikuwa hakijaisikia hata siku moja:

"Shikamoo, bibi."

Akangoja.

"Shikamoo, bibi."

Akangoja tena, halafu akamsogeza yule mdogo karibu na uso wa yule aliyelala.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo. Shikamoo. Bibi, nimesema shikamoo."

Mtu aliyeamkiwa na watoto miaka thelathini na minne, mdomo wake haungoji akili.

"Marahaba," alisema Mwalimu Leokadia.

Stamili aligeuka kama aliyeguswa na moto. Mwalimu alitoka nyuma ya kabati na sindano yake mkononi, akaketi chini kwenye mkeka, mbali kidogo naye.

"Bibi hakuitikia?" aliuliza polepole.

Mtoto akatikisa kichwa.

"Ulimwamkia mara nyingi?"

"Nyingi."

"Alikuwa amefumba macho?"

"Hapana. Alikuwa ananiangalia tu." Midomo ilianza kumcheza. "Ananiangalia, hasemi. Nikajua amenikasirikia."

Mwalimu Leokadia aliiweka sindano chini. Wiki tano. Kila asubuhi alikuwa amesimama mbele ya mtoto huyu, akimtazama tu, hasemi. Alichokiita nidhamu, kumbe alikuwa anamrudisha mtoto kwenye kitanda cha marehemu kila kulipokucha. Alilia pale pale mkekani bila kujificha, yeye ambaye wanafunzi wake walikuwa wakinong'onezana kwamba hana machozi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Bibi hakukukasirikia. Niliyekosea ni mimi."

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Bwana Kapinga, akasema sheria yake ifutwe. Bwana Kapinga alilifungua faili, akaweka kidole kwenye maneno aliyoyaandika mwenyewe siku ya kwanza.

"Tuliambiwa, Mwalimu," alisema. "Tuliambiwa, tukaandika, tukafunga."

Wakamwita Bi Esha. Aliposikia, alijifunika uso kwa kanga.

"Nilipofika kwa mama asubuhi ile," alisema, "nilimkuta mtoto amekaa kizingitini, kimya. Nikampita. Nikadhani anacheza tu."

Wakamwambia Stamili ukweli, kwa maneno mepesi. Bibi hakusafiri. Bibi alifariki kabla Stamili hajafika kumwamkia, na aliyefariki hasikii wala hawezi kuitikia, hata akimpenda mtu kiasi gani. Bi Esha akampeleka kaburini, wakakaa huko mpaka jua likawa kali. Stamili alilia njia nzima ya kurudi, na Bwana Kapinga akasema aachwe alie.

Tangu hapo, kila asubuhi Mwalimu ndiye aliyeanza. Alichuchumaa pale mlangoni na kusema, "Nimeamka, Stamili. Nipo." Hakudai jibu. Siku ya tatu mtoto alirudi kwenye uji. Shikamoo haikutoka, na Mwalimu hakuigusa.

Siku ya mwalimu mkuu ikafika.

Mwalimu Ngonyani alikaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, barua yake juu ya goti. Mwalimu Leokadia alitaka kumweleza mambo kwanza, lakini yeye akasema kwa adabu, "Mwalimu wangu, maelezo yatafuata. Kwanza nimwone mtoto."

Stamili akaingizwa. Akasimama mbele ya mgeni, akamkazia macho.

Ngonyani akamtazama. Akanyamaza. Akangoja.

Mwalimu Leokadia aliujua ukimya ule. Aliuona umekaa kwenye kiti, umevaa tai, na ulikuwa wake. Mikono ya mtoto ilianza kutetemeka. Bi Esha alikuwa amelishika pindo la kanga yake kwa mikono miwili.

Kisha Stamili akafungua mdomo.

"Umeamka?" aliuliza.

Bi Esha akafumba macho. Mtoto wa miaka saba anamuuliza mwalimu mkuu "umeamka", bila shikamoo, kama anamsalimu mwenzake wa kucheza naye rede! Uso wa Ngonyani ukakunjamana. Akanyanyua barua kutoka gotini.

"Mjibu, Ngonyani," alisema Mwalimu Leokadia.

Alilisema kwa sauti ile ya darasa la tatu, na miaka thelathini haikuwa imemfundisha Ngonyani namna ya kuikataa. Barua ikarudi gotini.

"Nimeamka," alijibu.

Stamili alishusha pumzi ndefu, mabega yake yakalegea. Akaipeleka mikono yake miwili mbele, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa zamani na mtu aliyempenda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alisema Ngonyani. "Marahaba, mwanangu."

Mtoto alipokwisha kutoka, Mwalimu Leokadia alimweleza yote, na sehemu yake mwenyewe hakuipunguza. Ngonyani alisikiliza hadi mwisho. Aliikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni.

"Kule shuleni nilimsimamisha mbele ya mstari wa asubuhi," alisema. "Saa nzima. Shule nzima inamtazama, nimewakataza kumsemesha."

Jumatatu iliyofuata Stamili alirudi shule. Getini alimkuta Mwalimu Ngonyani amesimama mwenyewe, mapema kuliko desturi yake. Mtoto alipunguza mwendo, akamtazama. Kabla hajafungua mdomo, mwalimu mkuu alichuchumaa na suruali yake ya kupigwa pasi, magoti karibu na vumbi.

"Nimeamka, Stamili," alisema. "Nipo."

Funzo: Mtoto akikataa kufanya jambo dogo ambalo kila mtoto hulifanya, usikimbilie kumrekebisha, muulize kwanza, kwa upole, mara ya mwisho alipolifanya kulitokea nini.