Koti Lililoliwa na Jua

"Rangi ya nguo, uliza pindo."

Bibi Tumpe aliwaambia hivyo wajukuu wake wawili walipokuwa wakiicheka sketi aliyoinunua mtumbani, iliyopauka kama jivu. Wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Akatia uzi kwenye sindano, akawaambia wakae. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Huko Tukuyu aliishi Mzee Ambokile na binti yake Sekela. Mama yake Sekela alifariki mtoto akiwa hajaanza shule. Ambokile akachuma chai kwenye mashamba ya watu, jua lake, mvua yake, akamlea na kumsomesha. Sasa Sekela alikuwa anaolewa, na ndoa ilikuwa karibu.

"Baba yako mdogo ndiye atakayekuingiza kanisani," Ambokile alisema asubuhi moja wakinywa uji. "Miguu yangu haina nguvu siku hizi."

Jana yake tu miguu hiyo ilipanda kilima na mzigo wa kuni. Sekela aliijua sababu. Kwao, baba anayempeleka binti madhabahuni huvaa koti, na koti la Ambokile panya walishalimaliza. La kuazima hakulitaka. Alisema koti la mtu lina maneno mfukoni. Lakini Sekela naye hakutaka kushikwa mkono na baba mdogo ambaye humwona Krismasi hadi Krismasi. Alimtaka baba yake.

Siku ya gulio akaenda kwenye mitumba. Kuchagua alikujua. Aliinama kwenye rundo, akapima mabega kwa kiganja, akanusa kwapa, akakagua kola. Koti moja lilikuwa pana kama turubai, jingine la mtoto wa shule. Alipoinuka aondoke, akaliona lililotundikwa kwenye nguzo ya mbele. Kipimo ni cha baba yake kabisa, ila mabega yamepauka na mgongo umekuwa majivu.

"Hilo ni la kuitia wateja tu," alisema Mbwiga, mwenye kibanda. "Ndilo lililokuwa bora katika belo zima. Nikalitundika mbele, kila aliyeliuliza nikamtajia bei ya kumkimbiza. Basi jua likalivaa kabla ya mtu."

Sekela akalikunjua pindo la mkono. Ndani ya mkunjo kitambaa kilikuwa bluu iliyokolea, kama siku kilipofumwa.

"Nipe."

"Utamvisha nani hilo, dada? Sanamu ya kufukuzia ndege?"

"Mtu wangu. Funga."

Fundi Anyosisye aliambiwa alifumue lote, akigeuze kitambaa, cha ndani kije nje, kisha alishone upya. Akaguna.

"Mfuko wa kifuani utahamia kulia."

"Uhamie."

Koti lilirudi limenyooka kwa pasi, bluu tupu. Sekela akalitandaza mbele ya baba yake. Ambokile akalipapasa, akatia vidole mfukoni, akavitoa.

"Koti limepona," akasema. "Mimi je? Jua limenila mimi vilevile, mwanangu. Watu wa kwa mumeo watakitazama hiki kizee, waseme kumbe Sekela ametoka huku. Sitaki kukuharibia siku yako. Na mimi huwezi kunipeleka kwa fundi."

Sekela alimvalisha mkono mmoja, halafu wa pili.

"Baba, unakumbuka uliponisuka nilipoanza shule?"

"Ulirudi unalia. Walikucheka."

"Mistari ilikwenda kama njia ya mbuzi. Ukaenda kwa Mama Lusajo msusi, ukakaa katikati ya wasichana, ukajifunza. Wanaume wakakuita shangazi. Wewe ukasuka tu, mpaka nilipomaliza shule." Akamfunga kifungo. "Wakwe wataona mabega. Mimi nimeona pindo. Rangi ya nguo, baba, uliza pindo."

Ambokile akageukia dirishani.

"Miguu," akasema, "leo naona ina nafuu."

Siku ya ndoa, mlangoni mwa kanisa, shangazi yake bwana harusi alilitazama koti lile kuanzia kola hadi chini. Alikuwa mama wa jicho kali.

"Mkwe, umependeza. Ila mfuko mbona uko kulia? Fundi wako alishona akiwa mbele ya kioo?"

Wanawake wakacheka. Sekela akahisi mkono wa baba yake ukilegea, akaogopa asije akamwachia. Ambokile akamtazama binti yake, nywele zake zilizosukwa vizuri chini ya shela, kisha akamtazama yule mama.

"Rangi ya nguo, uliza pindo," akasema kwa upole. Akaubana mkono wa Sekela ubavuni mwake, wakaingia.

Shangazi hakuelewa, naye hakuwa mtu wa kulala na jambo asilolielewa. Baada ya ibada alimbana Sekela mpaka akaelezwa yote. Akaenda kukaa karibu na Ambokile, akampakulia nyama mwenyewe. Gulio lililofuata alikuwa wa kwanza kukunjua mapindo, akiwaeleza wenzake kwa nini. Ndivyo maneno yalivyoenea.

Bibi Tumpe akakata uzi kwa meno. Mjukuu mdogo akaivuta ile sketi, akaukunjua mkunjo wa chini.

"Bibi, kumbe ilikuwa nyekundu."

"Ni nyekundu," akasema Bibi Tumpe. "Rangi ya nguo, uliza pindo."